Kabla hujanunua simu ya kurushia droni, itoe nje juani

Wiki mbili zilizopita mwalimu mmoja wa Ujiji alinipigia simu akiwa dukani Mwanga, hapa hapa Kigoma. Ameshika kishikwambi cha inchi kumi, muuzaji anasubiri hela, naye ana swali moja: "Kaka, nichukue hiki kwa ajili ya droni au nitafute simu?" Nikamwomba atoke nacho nje kwanza, apandishe mwanga mpaka mwisho, afungue ramani, asimame juani dakika tano. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mbona naona sura yangu tu?" Akakirudisha.

Watu wengi wakitaka kifaa cha kurushia ndege nyuki huanza kuuliza kamera ya simu ina megapikseli ngapi. Kamera ya simu haina kazi hapa. Kwa droni nyingi, picha inapigwa na droni na kuhifadhiwa kwenye memori kadi iliyo ndani ya droni yenyewe. Simu inakuonyesha tu kile droni inachokiona. Kwa hiyo ulizia kioo. Mwanga wa kioo hupimwa kwa niti. Simu nyingi za bei nafuu huishia niti 400 au 500, na hizo ukiwa kivulini zinatosha kabisa, ila juani zinageuka kioo cha kujitazamia. Kuanzia niti 1,000 unaona vizuri. Samsung Galaxy A54 ya mwaka 2023 inafika hapo, na siyo simu ya kifahari. iPad mini, pamoja na bei yake yote, ina niti 500.

Sisi wa Kigoma tuna jambo letu pia: ziwa liko magharibi. Asubuhi ukisimama ufukweni ukitazama majini, jua liko mgongoni na linapiga kioo moja kwa moja. Jioni jua linakuwa mbele yako, kioo kinapata kivuli, lakini fulana nyeupe uliyovaa inajichora humo yote. Mimi huvaa shati jeusi au la bluu iliyokolea nikienda kurusha. Na ile miwani ya jua inayokata mng'ao wa maji, ivue: ukigeuza simu upande, vioo vingi huonekana vyeusi ukiwa umeivaa.

Baada ya mwanga ni joto, na hapa nazungumza kwa uchungu. Mwaka juzi, mwezi wa nane, nilikuwa Kibirizi saa saba mchana. Dagaa wameanikwa, mchanga unawaka, nami nataka picha ya mitumbwi kutoka juu. Simu ilikuwa ndani ya kava nene la mpira, data imewashwa, na rimoti nayo inaichaji kupitia kebo. Droni ikiwa mita kama mia tatu ndani ya ziwa, kioo kikaanza kufifia chenyewe. Nikapandisha mwanga, kikafifia tena. Mara programu ikajifunga, nikabaki natazama kioo cheusi huku mikono ikitetemeka.

Kilichoniokoa ni kujua jambo moja. Kwa droni zenye rimoti yake, kama DJI Mini, mawasiliano ni kati ya rimoti na droni moja kwa moja. Simu ikizima, fimbo za rimoti bado zinafanya kazi, na kitufe cha kurudi nyumbani pia. Nikakibonyeza mpaka rimoti ikalia, nikainua macho na kusubiri. Sitasahau kile kidoa cheusi kilivyojitokeza juu ya maji na kuanza kukua. Lakini kama droni yako ni mojawapo ya zile ndogo za kuchezea kama Tello, zinazoendeshwa kwa Wi-Fi, simu ndiyo rimoti yenyewe. Hapo uimara wa simu ni uhai wa droni.

Apple husema iPhone itumike kwenye joto lisilozidi nyuzi 35, na simu yoyote iliyowekwa kwenye jua la mchana huku ikipokea video hupita hapo upesi. Tangu siku ile navua kava kabla ya kuruka. Naweka hali ya ndegeni, ambayo inazuia pia mtu kunipigia katikati ya kazi. Ramani nakuwa nimeifungua nyumbani kwenye intaneti ili ibaki kwenye simu. Kwenye Android unaweza kuizuia rimoti isichaji simu, ndani ya mipangilio ya DJI Fly, ile programu ya kurushia droni za DJI. Zima.

Sasa vishikwambi. Sivipingi. Kwa mtu mwenye macho ya kuvaa miwani, au anayepiga picha za mashamba ya michikichi na anataka kuona kila mstari, kioo kikubwa ni raha. Ila rimoti ya RC-N1, inayokuja na Mini 2 na Mini 3, inashika kifaa chenye upana usiozidi milimita 86 na unene wa milimita 10. Kishikwambi kitahitaji kishikio cha kununua pembeni, na mikono itachoka.

Jambo kubwa zaidi kwetu ni GPS. Droni hukumbuka mahali ilipopaa, na ukiiambia irudi, inarudi pale pale. Ukiwa nchi kavu hakuna shida. Ukipaa kutoka kwenye boti inayotembea, pale pale ni maji matupu, juu ya ziwa ambalo kina chake kinafika mita 1,470. Inabidi uihamishe alama ya nyumbani ije ulipo wewe, na kwa rimoti ya RC-N1 programu inajua ulipo kwa kutumia GPS ya simu au kishikwambi. iPad za Wi-Fi peke yake hazina GPS. Zile zenye sehemu ya laini ndizo zinazo, hata usipoweka laini. Ndugu yangu, kama unapanga kurushia majini, swali hili liulize kabla ya bei.

Wenye Android, msiitafute DJI Fly kwenye Google Play, haipo. Inashushwa kwenye tovuti ya DJI. Simu iwe ya biti 64 na RAM ya GB 6 hivi. Mimi ningenunua simu iliyotumika yenye kioo kizuri, niifute yote na kuiacha kwa kazi ya droni tu, kuliko kurushia simu yenye WhatsApp ya ukoo mzima. Kibali cha TCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, nacho kamilisha mapema, simu nzuri haikitangulii.

Yule mwalimu alipata A54 iliyotumika, na Jumamosi tukakutana ufukweni Katonga. Tulipoibana kwenye rimoti ikazima: meno ya kishikio yalikuwa yamekaa juu ya kitufe cha kuwashia. Tukaisogeza kidogo upande, ikatulia. Halafu programu ikasema hakuna droni. Nikaangalia kebo aliyokuja nayo, ilikuwa ya kuchajia tu, haipitishi data. Nikamtolea ile fupi ya kwangu, akachomeka, na maji ya ziwa yakajaa kioo kizima, yakionekana mpaka mawe ya chini, jua likiwa bado kali mgongoni mwetu.