Kabla Hujalipa Ada, Nenda Kakae Karibu na Kazi Yenyewe

Nilisoma uhasibu kwa sababu kidato cha sita nilichukua EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), na matokeo yalipotoka mjomba aliyekuwa akinisomesha alisema uhasibu hauna njaa. Sikumbishia. Anayekulipia ada humbishii, na mimi mwenyewe sikuwa na jibu lingine. Nilijua majina ya kazi: daktari, mwanasheria, mhasibu, injinia. Ila sikuwahi kumwona mhasibu akiwa kazini hata nusu siku. Nilichagua jina.

Siku hizi, kila matokeo yakitoka, wadogo zangu na watoto wa majirani hunijia na swali lilelile: dada, nisome nini? Nimeona niandike ninachowajibu, maana kilinigharimu miaka sita kukijua.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye duka la jumla Kariakoo. Kuandika ankara, kulinganisha daftari na taarifa ya benki, kuandaa ritani ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kabla ya tarehe 20. Mshahara haukuwa mbaya na bosi alikuwa mstaarabu, kwa hiyo sikuelewa kwa nini Jumapili jioni moyo unaniwia mzito. Aliyenifumbua macho ni mwenzangu wa meza ya pili. Hesabu zake zikipishana kwa shilingi 3,000, alisahau hata chakula cha mchana akizitafuta, na akizipata uso ulimng'aa. Mimi zangu zikipishana, nilitamani nizitoe mfukoni yaishe. Wote wawili tulikuwa na shahada ya aina moja. Yeye alikuwa kazini, mimi nilikuwa nasubiri saa kumi na moja.

Nikatoka. Nikauza bima kwa kamisheni miezi minne. Hiyo sina mengi ya kuisimulia: kuongea na watu naweza, kuwafuatilia waliokwisha kunikatalia siwezi. Kisha nikaanza kuoka keki nyumbani kwa oda.

Keki ndizo zilizonifikisha nilipo, kwa njia ambayo sikuitarajia. Friji iliharibika. Fundi wa kwanza akajaza gesi, ikafanya kazi wiki mbili. Wa pili naye akajaza gesi. Wa tatu alikuwa mzee mmoja mpole. Alipoona nimekasirika, alikaa chini akanieleza.

"Mwanangu, gesi ya friji si kama mafuta ya gari. Haitumiki ikaisha. Ikipungua, ujue kuna mahali inatokea."

Akafunga geji, akasukuma nitrojeni kwenye mfumo, akapaka povu la sabuni kwenye viungo vya mabomba, kiungo baada ya kiungo. Nilimshikia tochi. Povu lilipoanza kutoa vipovu vidogo mahali ambapo bomba la shaba limegusana na bodi, nilishangilia kabla yake. Nilipotazama saa, zilikuwa zimepita saa tatu na sijamwaga hata unga.

Usiku ule nilijikumbuka. Dukani, printa ikikwama, nilikuwa wa kwanza kuifungua. Kule kwenye bima nilitengeneza feni ya ofisi mara mbili. Hakuna aliyenituma. Muda wote huo nilikuwa najiuliza napenda nini, kumbe swali lenye jibu lilikuwa lingine: kila nilipokuwa, ni kazi gani niliifanya bila kutumwa?

Nikampigia mzee. "Shikamoo baba. Naomba Jumamosi nije nikubebee vifaa. Sitaki malipo."

Alinyamaza kidogo. "Si ulisema una shahada?"

"Ninayo, baba."

"Njoo na viatu vya kufunika vidole."

Nilienda Jumamosi nane. Hapa ndipo ningependa msomaji atulie, maana watu wengi huona kipande kimoja kizuri cha kazi wakadhani ndiyo kazi nzima. Kutafuta tundu ni kipande kidogo sana. Sehemu kubwa ni kuosha viyoyozi: kufungua, kupuliza maji, kufuta vumbi, kufunga, kwenda kingine. Ni kupanda juu ya bati saa saba mchana mwezi wa Februari, Dar es Salaam. Ni kubishana bei na mtu mwenye nyumba ya ghorofa. Kule Msasani, karibu na bahari, hewa ya chumvi hula koili za nje mpaka mapezi yake, vile vibati vyembamba, yanavunjika ukiyagusa, na mteja hataki kuamini kwamba si wewe uliyeziharibu. Niliyaona yote hayo, nikarudi nyumbani mgongo unauma, na Jumamosi iliyofuata niliamka kabla ya kengele.

Ndipo nikalipa ada ya kozi ya ufundi wa friji na viyoyozi, kwenye chuo cha ufundi stadi cha VETA Chang'ombe. Mzee alinifundisha mikono. Darasani nikaelewa sababu. Kwa mfano, kwa nini gesi ya R410A haiwekwi kwenye mashine iliyotengenezwa kwa R22: presha yake ni kama mara moja na nusu ya ile ya R22, na mafuta ya kompresa yake ni ya aina nyingine. (Kama wewe tayari ni fundi wa mtaani usiye na cheti, VETA wana utaratibu wa kuupima na kuutambua ujuzi ulioupata kazini. Ulizia kituo kilicho karibu nawe.)

Uhasibu sikuutupa. Wakati wa kozi niliandika vitabu vya maduka mawili jioni, ndivyo nilivyolipa kodi ya chumba. Ukiwa na watoto au wazazi wanaokutegemea, usiache kazi ili ukajaribu nyingine. Tumia Jumamosi. Tumia likizo.

Na ukienda kumuuliza mtu kuhusu kazi yake, usimuulize kama anaipenda. Atakujibu kwa adabu. Muulize jana alifanya nini tangu asubuhi mpaka alipofunga. Muulize kipi kinamchosha: macho, mgongo, au watu. Muulize mwezi uliopita alilipwa lini.

Kuna jambo moja ninalolijutia. Nilimficha mjomba miezi mitano. Alikuwa ameuza kiwanja kwa ajili ya ada yangu, na habari akaisikia kwa jirani aliyeniona na ngazi begani. Aliumia, na alikuwa na haki ya kuumia. Kama kuna mtu aliyebeba gharama yako, mwambie wewe, mapema, hata kama huna hakika bado.

Mdogo wangu wa mwisho anataka kusoma famasia. Jirani yetu mwenye duka la dawa amekubali akae naye siku kumi, afagie na kupanga rafu. Anaanza Jumatatu. Nimempa daftari dogo, nimemwomba aandike kitu kimoja tu kila jioni: leo saa ngapi ulisahau kuangalia saa, na ulikuwa unafanya nini.