Jibu: Mtoto wa miaka 8 ana kilo 42, nimkatishe chakula cha usiku?

Usimkatishe, dada. Akilala na njaa, kesho atafidia kwa maandazi na soda za dukani. Lengo si kumkondesha: uzito usimame, urefu uufikie.

Anza na vinywaji, maana ndipo penye tatizo. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari kama vijiko 9 vya chai. Juisi ya ukwaju yenye sukari ni yale yale. Mpe maji, chai iwe na kijiko kimoja, si vitatu.

Korosho, na hapa Mtwara zimejaa kila nyumba, ni chakula kizuri ila gramu 30 tu zina kalori kama 170. Mpimie kwenye kiganja chake, sio chako, bakuli lirudi kabatini. Sahani: nusu kisamvu au mchicha, robo ugali, robo samaki wa kuchoma au mchuzi. Kisamvu kikiwa na nazi, tumia tui jepesi.

Mazoezi dakika 60 kila siku, hata kwa vipande: rede, kamba, mpira ufukweni jioni jua likipoa. Simu ukimwachia, hatoki.

Akikoroma sana, mpeleke hospitali; shingo ikiwa nyeusi kuliko ngozi yake nyingine, apimwe sukari huko huko.