Tembe ya nifedipini ya siku nzima haisagwi
Umeuliza kama unaweza kumsagia nyanya yako tembe yake ya nifedipini, dawa ya shinikizo la damu. Hapana, tembe hiyo ambayo yeye humeza mara moja kwa siku haifai kusagwa na kutiwa kwenye uji, hata kama kuimeza kunamtaabisha. Imetengenezwa ili dawa itoke kidogokidogo kwa muda wa saa 24; ukiiponda, dozi ya siku nzima huingia kwenye damu kwa mkupuo mmoja, shinikizo likaweza kushuka ghafla, mgonjwa akashikwa na kizunguzungu na kuanguka, kisha usiku akabaki bila kinga. Ninahudumu katika duka la dawa hapa Kisumu, na nimewahi kuonyeshwa unga wa tembe hizi ukiwa umefungwa katika kipande cha gazeti, umeandaliwa wa wiki nzima na mjukuu aliyefanya hivyo kwa upendo mtupu. Tazama pakiti: herufi SR, XR, XL au LA zinaashiria dawa ya kutoka polepole.

Si kila tembe iko hivyo, maana parasetamoli ya kawaida husagwa bila madhara. Mweleze daktari wake kwamba hawezi kumeza, kwa sababu amlodipini, iliyo katika jamii hiyohiyo ya dawa, hukaa mwilini muda mrefu kwa asili yake yenyewe wala haitegemei muundo wa tembe, hivyo inaweza kupondwa. Lakini uamuzi wa kubadilisha ni wa daktari, na kabla ya hapo tafadhali msimkatizie dawa.