"Open" au "opened"?

Unauliza kama "the shop is opened" ni sahihi kwa duka linalouza saa hizi. Hapana, sema "the shop is open". Kosa linatoka kwenye "limefunguliwa", ambalo kwetu hubeba tendo na hali kwa pamoja. "Opened" ni tendo: "the shop was opened at eight", yaani saa mbili. Kinyume cha "open", ajabu, ni "closed" yenye "d". "The shop is close" ni kusema duka liko karibu.

Angalia pia kihusishi. "Open to" ni kuwa tayari kupokea, na kitenzi kinachofuata huchukua "-ing": "open to learning", si "open to learn". "Open with" humtaja unayemweleza bila kuficha. "Open about", jambo lenyewe.