Mwanangu mwenye usonji na ile miezi mitatu ya 2020

Dada yangu wa Kagera, unasema tangu ule mlipuko wa ugonjwa wa Marburg huko Biharamulo, Januari 2025, kila ukisikia habari za mlipuko roho inakwenda kwa binti yako mwenye usonji: shule zikifungwa ghafla utafanyaje? Nakujibu kwa yaliyotupata sisi hapa Dar.

Shule zilipofungwa kwa ajili ya korona Machi 17, 2020, wangu alikuwa na miaka tisa. Asubuhi iliyofuata, saa kumi na mbili, namkuta mlangoni, kavaa sare, begi mgongoni. Nikamwambia, "Shule kesho." Hapo ndipo nilipokosea. Kwake kesho ni kesho kweli. Nilimdanganya hivyo siku nne, na siku zote nne alijigonga kichwa ukutani hadi mchana.

Siku ya tano nilimshika mkono tukaenda mpaka getini. Akaona kufuli, akalishika, tukarudi. Nyumbani nikamvua sare, nikamvalisha nguo za kushindia. Tukawa tunafanya hivyo kila asubuhi, na vilio vikapungua. Lile kufuli lilimweleza nilichoshindwa kumweleza mimi.

Barakoa za kuvuta masikioni alizichana. Nikamshonea ya khanga yangu kuukuu, ya kufunga kisogoni. Tunahesabu hadi tano, tunavua. Kesho yake hadi kumi. Kwenye ndoo ya maji tiririka habanduki, basi nikawa nampimia kopo moja: likiisha, tumemaliza. Nyungu nilikataa, na majirani walinisema sana. Mtoto asiyevumilia hata shuka kichwani utamfunikaje juu ya maji yanayochemka?

Lakini dada, kilichoninyima usingizi ni hiki: nikilazwa mimi, nani atamwelewa? Hajui kusema "naumwa". Akiumwa anajing'ata mkono na kukataa uji, basi. Nikaandika kwenye karatasi anachokula, kinachomtisha, anavyotulizwa, na dalili zake za maumivu. Nikampa shangazi yake, naye akawa anakuja kushinda naye Jumamosi ili wazoeane mimi nikiwa bado mzima. Hiyo karatasi iandike leo, tafadhali, usingoje ugonjwa.

Na akirudi nyuma usimchape. Wangu alianza upya kukojoa kitandani, akaja kuacha Septemba.

Juni 29 shule zikafunguliwa. Tulifika getini kama kawaida, akapeleka mkono kutafuta kufuli, halipo. Alisimama pale muda mrefu, akanitazama, kisha akaingia.