Jifunze Wimbo Kabla ya Kuulizia Vazi: Kwa Anayetaka Kucheza Samba Rio

Kila kanivali ikikaribia, ndugu na marafiki huniuliza lile lile: vazi la manyoya linapatikana wapi, na ni bei gani? Nami huwauliza kwanza: wimbo umeshaujua?

Wengine hudhani ninawazungusha. Siwazungushi. Nimeshaandamana ndani ya gwaride la Rio de Janeiro, Brazil, na ninajua kinachotakiwa kwa mtu anayeingia pale. Sambadromo, uwanja uliochorwa na Oscar Niemeyer na kufunguliwa 1984, una njia ya kama mita 700. Shule kubwa ya samba (si darasa, ni chama kinachoandaa gwaride) huingia na watu elfu mbili, elfu tatu, na huchukua zaidi ya saa moja kupita. Na haya ni mashindano. Majaji hutoa alama kwa vipengele 9, na mavazi ni kipengele kimoja tu kati ya hivyo. Kingine ni harmonia: je, watu wote wanaimba, kuanzia mbele hadi mkiani, na sauti zao zinakwenda na ngoma? Kuna miaka ubingwa umeamuliwa kwa sehemu ya kumi ya alama. Mgeni aliyependeza lakini amefumba mdomo anawaponza watu walioshona mwaka mzima.

Wimbo ndio utakaokueleza umevaa nini. Kila shule huchagua hadithi ya mwaka, kisha wimbo, magari ya maonyesho na mavazi yote hufuata hadithi hiyo. Mwaka 1988, Brazil ilipotimiza miaka 100 tangu kukomesha utumwa, shule ya Vila Isabel ilitwaa ubingwa kwa hadithi ya sherehe ya watu weusi. Mwaka 2019 shule ya Mangueira ilishinda kwa kuwatukuza mashujaa weusi na wenyeji wa asili walioachwa nje ya vitabu vya historia. Kwa hiyo ukikabidhiwa vazi lako, muulize kiongozi wa kundi: sisi ni akina nani katika hadithi hii? Ukishapata jibu, hata mikono yako itajua la kufanya.

Sasa uchezaji. Sisi tuliokulia Pwani, tukiwa na leso kiunoni na chakacha masikioni, huanza na kiuno. Kwenye samba, anza na miguu. Legeza magoti, hamisha uzito mguu hadi mguu kwa hatua fupi za haraka, na uiache nyonga ifuate yenyewe. Ukiitikisa kwa makusudi, mwendo unakatika. Fanya polepole kwanza, ukiwa na raba, viatu virefu baadaye. Sikiliza surdo, ile ngoma kubwa: pigo zito ni la pili katika kila mawili, kisha surdo nyingine huijibu. (Mangueira hawana hiyo ya kujibu. Ukishaizoea ngoma yao, utaitambua hata ukiwa nje ya ukumbi.) Lakini usikate tamaa miguu ikichelewa. Makundi mengi ya gwaride hayahitaji ufundi huo. Mnasonga mbele, mnaimba, mnacheza kwa mabega na mikono. Kubwa ni kutoacha pengo. Ukisimama kupiga picha, nafasi inafunguka mbele yako, na jaji anaiona.

Kuhusu vazi lenyewe: lijaribu siku kadhaa kabla, lote, pamoja na fremu ya mabegani na kofia. Fremu ikikugusa mfupa, weka sponji hapo hapo. Ukishaanza kutembea umechelewa. Vaa taiti ndani. Beba sindano, uzi na pini. Kunywa maji mapema, kwa sababu Februari ni kiangazi Rio na mtasubiri muda mrefu mkiwa mmevaa. Usivue hata glavu njiani. Kipande kimoja kikikosekana kundi zima linaonekana pungufu.

Huko nyumbani kuna wanaoamini kanivali ni uchi. Mimi huwaonyesha mabaiana. Ni kundi la lazima kwa kila shule, wengi wao mama wa makamo na mabibi, wenye sketi pana zinazoviringika wanapozunguka, na wamejisitiri kutoka kichwani hadi miguuni. Wanawaenzi akina mama waliotoka Bahia, jimbo la kaskazini-mashariki mwa Brazil, kama Tia Ciata, ambaye nyumba yake karibu na uwanja wa Praça Onze, hapo Rio, ilikuwa makao ya samba ilipokuwa changa. Mabaiana wakipita, wapishe kwa heshima. Na mshika bendera akikunyoshea bendera ya shule, ibusu.

Ukipata nafasi, nenda Gamboa, mtaa wenye mabanda ambamo mavazi na magari ya shule kubwa hutengenezwa, kisha utembee hadi gati la Valongo, lililoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2017. Hapo walishushwa Waafrika mamia kwa maelfu, wengi kutoka Kongo na Angola, na wengine kutoka Msumbiji, pwani hii hii yetu. Nendeni kabla ya gwaride, si baada yake. Mimi niliimba tofauti kabisa baada ya kusimama pale.

Kama una siku chache tu, utalazimika kununua vazi katika kundi linalopokea wageni. Kama unaweza kukaa miezi, omba kundi la jamii: vazi ni bure lakini mazoezi ni lazima, na huko ndiko utakakopata watu. Mazoezi ya mwisho hufanyika Sambadromo penyewe, wikiendi za kabla ya kanivali, na kiingilio ni bure, basi hata asiye na vazi la gwaride aende akaimbe. Gwaride likiisha, usilitupe vazi barabarani. Ulizia kama shule inalihitaji, maana shule ndogo hutumia tena manyoya na vitambaa. Nyimbo za msimu kwa kawaida huwa zimesharekodiwa kufikia Desemba. Chagua shule yako, uanze kuimba jikoni.