Neema, kuhusu kuhama kozi

Marahaba mwanangu. Meseji yako ya juzi usiku nimeisoma nikairudia, nikaona nisijibu kwa voisi noti maana mama yako anasema nikianza kuongea nahama mada. Kwahiyo naandika.

Unauliza uache Architecture, ubunifu majengo, uhamie Building Economics, ukadiriaji majenzi, ule wa kupiga hesabu za gharama. Sababu zako tatu: kwenye kriti, ile ya kutetea michoro yako ya zahanati, majaji wamekuchana mbele ya darasa zima, mmoja akakuuliza kama umewahi kuingia zahanati kweli, wenzako wanachora kwa Revit, ile programu ya kompyuta, na wewe bado uko na penseli, afu hii yako ni miaka mitano na ile minne.

La miaka ni jepesi. Hata ukimaliza hiyo mitano bado sheria haikutambui kama mbunifu majengo, Sheria ya 2010 inataka usajiliwe na Bodi ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, yani ufanye kazi kwanza chini ya mtu aliyesajiliwa, upige mitihani yao, ndo upate muhuri. Na wakadiriaji wako kwenye Bodi hiyohiyo mwanangu, njia ni ileile. Kwahiyo huko unakokimbilia foleni ipo, tofauti ni mwaka mmoja tu wa chuo.

La Revit. Mi nimekuwa foremani muda mrefu, umekua unaniona narudi na vumbi la simenti, na hamna siku fundi wangu ameniuliza ramani imechorwa na programu gani. Wanachouliza ni sekshoni iko wapi, ule mchoro wa jengo kama limekatwa katikati kutoka juu mpaka chini. Plani, mchoro wa kutazama kutoka juu, inakuonyesha chumba kimekaa wapi, ila ni sekshoni ndo inamwambia fundi jengo linapandaje, na hapo ndo utamjua mchoraji anaewaza na anaepamba. Chukua ngazi tu. Gorofa ina meta 3.2 kutoka sakafu mpaka sakafu, ukigawa kwa milimita 160 unapata stepu 20 kamili, kanyagio, pale unapoweka mguu, likiwa na milimita 300, sasa ile kanuni mnayofundishwa ya kuchukua kimo cha stepu mara mbili ukajumlisha na kanyagio ije kwenye 600 mpaka 630 hivi, hapa inakuja 620, mguu unapanda wenyewe bila kufikiria. Vizuri kabisa. Ila kuna kazi moja niliyosimamia, ofisi iliyochora siitaji, ngazi ilihesabiwa kwenye slabu tupu, hawakuweka plasta ya sakafu wala taizi. Tulipokuja kumalizia sakafu ya chini ikapanda kama sentimita tano, ile stepu ya kwanza ikawa fupi kuliko zenzake, na kila mgeni akija anajikwaa palepale, kila mtu, hata mwenye nyumba. Michoro yao ilikuwa ya kompyuta, mizuri, ina vivuli na miti na wazungu wanatembea (sijui kwa nini watu kwenye zile picha huwa wazungu, jengo liko Mbezi).

Revit utajifunza, mtoto wa jirani kajifunza kwa YouTube. Hilo la kuhesabu taizi kabla haijanunuliwa ni la kichwani.

Sasa tuje kwenye kriti, maana najua hiyo ndo imekuuma. Nimeikuza ile picha ya ramani yako kwenye simu nikaiangalia vizuri. Mwanangu, yule jaji aliyekuuliza kama umewahi kuingia zahanati amekosa adabu kidogo ila swali lake ni la haki. Umeweka benchi la kusubiria upande wa mashariki nyuma ya kioo kirefu kutoka chini mpaka juu. Kliniki ya watoto inafanyika lini? Asubuhi. Wale kina mama wanaanza kufika saa moja, saa mbili, na jua la muda huo liko chini, linakuja ubapa, paa hata ukilitokeza meta nzima halilizuii. Utawachoma na watoto wachanga mapajani. Dar tuko karibu na ikweta, nyuzi kama 7 kusini, jua la mchana linakuwa juu kichwani na paa linalimudu, shida yetu ni mashariki na magharibi. Ndo maana ramani nyingi nzuri za hapa zinageuza madirisha kaskazini na kusini, na upepo nao unakubali, Desemba mpaka Machi unapigwa na kaskazi, afu kuanzia Aprili huko kusi. Ukipanga vizuri huhitaji kiyoyozi kwenye zahanati ya kijiji, ambacho hata kikiwepo hakuna wa kukitengeneza.

Na kingine: mama akifika anapanga foleni ya mzani kwanza, afu foleni ya sindano. Wewe umechora foleni moja. Mzani wenyewe ule wa kuning'iniza mtoto umeutundika wapi? Sijauona. Na mlango wa chumba cha sindano unafungukia kwenye benchi, yani kila mtoto anaesubiri anamsikia mwenzake analia, watakuwa wameshaanza kulia hata hawajaguswa. Kama huwezi kumuuliza mama yako kliniki ikoje, nenda kakae pale pa Mwenge asubuhi moja uangalie, usichukue simu, kaa tu.

Ukiona hayo yanakuchosha, kuambiwa rudia, ukarudia, ukaambiwa rudia tena, basi hama na sitasema neno. Kazi ya mbunifu ni kurudia. Ila ukisoma hapo juu kuhusu mzani ukajikuta tayari unawaza utauweka wapi, usihame, we ni wa hukohuko.

Kuhusu hela sikudanganyi. Hapa mjini watu wananunua ramani mtaani kwa bei ya kuku wawili, afu wanajenga na fundi, mbunifu wanamtafuta wakidaiwa kibali. Mkadiriaji anaitwa mapema zaidi kwa sababu mwenye pesa anapenda kujua pesa yake. Hilo lijue unapochagua.

Ila kabla hujachagua, toka hapo hosteli upande Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar, ni mguu tu, ukakae Nkrumah Hall, ule ukumbi wao. Si unaikumbuka kwenye ile noti ya mia tano ya karatasi? Iangalie paa lile la zege linavyopinda, uone upepo unaingilia wapi na unatokea wapi. Na Soko la Kariakoo, lile la zamani lililoungua Julai 2021, mchoraji wake alikuwa Mtanzania mwenzetu, Beda Amuli, alisomea Haifa huko Israel, akarudi miaka ya 1960 wakati wabunifu Waafrika ukanda huu wote ni wa kutafuta. Akaweka paa la miavuli ya zege, hewa inapita, watu wanauza nyanya chini yake. Nadhani alijiuliza kwanza soko la kwetu linafanyaje kazi. Na yeye sidhani kama majaji wake walimbembeleza.

Jumamosi njoo saiti, tuko Goba, tunafunga nondo za slabu. Vaa viatu vya kufunika, njoo na tepu yako na ile ramani ya zahanati iliyoprintiwa, sio ya kwenye simu, macho yangu hayawezi. Mzee wa nondo nimeshamwambia, atakuuliza maswali magumu kuliko ya hao majaji. Fomu ya kuhama usiijaze mpaka tuonane.

Hela ya kuprinti nimetuma na ya kutolea imo. Mama yako anauliza kama dagaa wameisha.

Baba